Watalii wa gofu pwani: safari yao hupangwaje, na kazi zake ziko wapi?

Watalii wanaokuja Afrika Mashariki tunawajua zaidi kwa simba wa Serengeti, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Lakini lipo kundi jingine tusilolisikia sana. Hawa hushuka uwanja wa ndege na mifuko mirefu iliyojaa fimbo, hukaa siku tisa au kumi, na huhama kiwanja hadi kiwanja wakicheza gofu kando ya Bahari ya Hindi.

Msikilizaji wa Tinde, Isaka au Didia anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini mimi ninayelima mpunga na pamba?

Yanakuhusu kwa sababu moja. Kila mwaka vijana wa kanda yetu huondoka kutafuta riziki. Wengine huelekea machimbo ya Geita na Kahama, wengine hupanda basi kwenda Dar es Salaam na Zanzibar kutafuta kazi za hoteli. Kazi za utalii zina msimu, kama kilimo kilivyo na msimu. Anayefika pwani mwezi wa nne akiwa na nauli ya kwenda tu hukuta hoteli zimepunguza watu, na nyingine zimefunga kabisa. Hajakosa kazi kwa kuwa hana bahati. Amefika wakati watalii hawapo.

Safari ya gofu ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu hupangwa miezi mingi kabla, siku kwa siku na saa kwa saa. Ukielewa inavyopangwa, utaelewa pia ni lini pwani inahitaji mikono, na mikono ya namna gani.

Gofu kwa kifupi

Mchezaji ana mpira mdogo, usiozidi yai la kanga, na fimbo zisizozidi 14. Anatakiwa kuupiga mpira kutoka sehemu ya kuanzia mpaka uingie kwenye shimo dogo lililo mbali, pengine mita 150, pengine mita 500. Kiwanja kamili kina mashimo 18. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Magazeti yetu huita mapigo hayo mikwaju.

Mzunguko mmoja wa mashimo 18 huchukua saa nne hadi tano, na mchezaji hutembea kilomita saba au zaidi. Hucheza wawili, watatu au wanne pamoja. Anayembebea mfuko, kumtafutia mpira na kumshauri fimbo ya kutumia anaitwa kedi. Kedi mzuri anakijua kiwanja kuliko mgeni: anajua upepo unatoka wapi, nyasi zinalala upande gani, na mpira ukidondoka pale utateleza kuelekea wapi.

Kiwanja cha pwani kilianzia wapi?

Gofu ya pwani ilianzia Uskoti. Kati ya bahari na mashamba kulikuwa na ardhi ya mchanga isiyofaa kulimwa, yenye vilima vidogo na nyasi fupi zilizoliwa na kondoo. Watu wakaanza kucheza pale. Viwanja vya namna hiyo Waskoti huviita linksi. Kinachojulikana zaidi ni kile cha St Andrews. Mwaka 1764 kilipunguzwa kutoka mashimo 22 kuwa 18, na baadaye idadi hiyo ikawa ndiyo ya dunia nzima.

Kiwanja hicho cha zamani ni mali ya umma, na kwa kawaida Jumapili hakichezwi. Wenyeji hutembea humo na mbwa wao. Wageni wanaotaka kucheza ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo sehemu ya nafasi hizo hutolewa kwa kura siku mbili kabla. Mtu anaweza kusafiri kutoka Marekani, akashiriki kura, na akakosa. Ndiyo maana wasafiri wa gofu wamezoea kupanga mapema na kuweka siku za akiba.

Pwani yetu haina linksi za aina ile. Chini ya udongo wetu kuna mwamba wa matumbawe, juu kuna minazi na mibuyu, na jua ni kali. Kinachofanana ni bahari na upepo. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, mpira uliopigwa vizuri asubuhi utaenda kombo saa nane mchana.

Viwanja viko wapi?

Kenya ndiyo yenye viwanja vingi vya pwani. Kisiwani Mombasa kuna Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye mashimo tisa juu ya jabali linalotazama bahari. Upande wa kaskazini wa mji kuna Nyali, mashimo 18. Ukiendelea kuelekea Kilifi, kilomita 30 na ushei, unafika Vipingo Ridge, kiwanja cha mashimo 18 kilichojengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge na kupewa jina la mibuyu iliyomo. Kusini, eneo la Diani, kuna Leisure Lodge, nacho cha mashimo 18.

Vipingo ilijulikana duniani Desemba 2019, ilipopokea mashindano ya wanawake ya Kenya yaliyokuwa katika ratiba ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya. Mshindi alikuwa Esther Henseleit wa Ujerumani, ambaye alishinda tena hapo mwaka 2022. Mwaka 2023 alishinda Aditi Ashok wa India, na mwaka 2024 Shannon Tan wa Singapore. Mashindano ya namna hiyo huonyeshwa kwenye televisheni, na anayetazama akiwa kwenye baridi ya Ulaya huanza kuuliza bei ya tiketi.

Kwetu Tanzania, Dar es Salaam kuna Gymkhana, karibu na bahari katikati ya jiji, na Lugalo, kiwanja cha Jeshi la Wananchi. Vyote vina mashimo 18. Zanzibar, upande wa Mangapwani kaskazini mwa mji, hoteli ya Sea Cliff ina kiwanja cha mashimo tisa kinachoteremka kuelekea baharini.

Bara pia kuna viwanja: Arusha, Moshi, Morogoro. Mwaka 2024 mashindano ya Lina PG Tour, yanayomkumbuka mchezaji Lina Nkya, yalianzia TPC Moshi na kuhamia viwanja vingine. Kwa hiyo kuzunguka viwanja si jambo la wageni peke yao.

Mpangaji anaanza na nini?

Anaanza na kalenda. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei, na mvua kubwa hupiga zaidi Aprili na Mei. Kiwanja kikilowa, mchezo husimama. Kwa hiyo makundi mengi hupangwa Juni hadi Oktoba, au Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi na wakati Ulaya kuna baridi.

Pili, anaomba saa ya kuanza. Kiwanja hakipokei watu kama gulio. Kila kundi la watu wanne lina saa yake, na kundi linalofuata huanza baada ya dakika nane au kumi. Jumamosi mara nyingi wanachama wenyewe wana mashindano, na mgeni hapati nafasi nzuri. Wiki ya mashindano makubwa kiwanja chaweza kufungwa kwa wageni kabisa. Ndiyo maana mpangaji huandika barua miezi kadhaa kabla, na hupendelea siku za katikati ya wiki.

Tatu, mwanga. Uskoti mwezi wa sita jua huzama karibu saa nne usiku, mtu anaweza kucheza mara mbili kwa siku. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua la pwani nalo linachosha. Mpangaji anayeijua Afrika huweka kundi lake saa moja asubuhi, ili limalize kabla ya saa saba mchana.

Nne, karatasi. Viwanja vingi humtaka mgeni aonyeshe handikapu yake, yaani namba inayoonyesha kiwango chake. Ikiwa ndogo, mchezaji ni hodari. Anayepita Kenya na Tanzania anahitaji ruhusa mbili za kuingia, kwa sababu Kenya ina mfumo wake wa maombi mtandaoni tangu Januari 2024 na Tanzania ina viza yake. Akitoka Kenya kuja kwetu anatakiwa kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo hupigwa angalau siku kumi kabla. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, humtaka mgeni kutoka nje ya nchi alipe bima ya safari ya dola 44.

Tano, mizigo. Mfuko wa fimbo una uzito wa kilo 12 hadi 15 na urefu unaokaribia kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Ndege ndogo huzikataa zikizidi. Gari la kubeba abiria wanane halitoshi wachezaji wanane, kwa sababu kila mmoja ana begi la nguo na mfuko wa fimbo.

Mfano: watu wanane, siku kumi

Tuchukue kundi la mfano la watu wanane. Siku ya kwanza wanafika Mombasa na kupumzika. Siku ya pili wanacheza Nyali. Siku ya tatu na ya nne wanacheza Vipingo. Siku ya tano ni ya kuhama: wanavuka kwenda kusini, kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu inayoikwepa feri. Siku ya sita wanacheza Diani. Siku ya saba wanapumzika ufukweni. Siku ya nane wanaruka kwenda Zanzibar. Siku ya tisa wanacheza Mangapwani, wakizunguka mashimo tisa mara mbili ili yatimie 18. Siku ya kumi wanarudi kwao.

Hesabu mizunguko: Nyali mmoja, Vipingo miwili, Diani mmoja, Zanzibar mmoja. Jumla ni mitano. Kama kila mchezaji atachukua kedi wake, hizo ni ajira 40 za siku moja moja.

Angalia vizuri namba hiyo. Arobaini ni nyingi, lakini zimegawanyika viwanja vinne na nchi mbili. Kedi wa Nyali anapata siku moja kutoka kwa kundi hili. Kedi wa Vipingo anapata mbili. Kundi likiondoka, anasubiri jingine. Kipato cha kedi ni malipo ya mzunguko pamoja na bakshishi, na siku isiyo na mgeni ni siku isiyo na kipato. Anayekuhadithia kwamba kedi mmoja alipewa dola 50 na mzungu anaweza kusema kweli; asichokuambia ni siku ngapi kedi huyo alikaa kwenye benchi.

Sasa tazama kazi nyingine ndani ya safari hiyohiyo. Kundi halali kwenye kiwanja. Linalala hotelini usiku tisa. Lazima pawe na mpishi, mhudumu wa meza, mtandika vitanda, fundi umeme, mlinzi, dereva. Na kiwanja chenyewe hakimngojei mgeni: nyasi hukua hata kama hakuna anayecheza. Wakata nyasi, mafundi wa mashine na watu wa kumwagilia hufanya kazi mwaka mzima. Kwa mtu anayetafuta kipato cha uhakika, fundi wa mashine ya kukata nyasi na fundi wa pampu wako mahali salama kuliko kedi. Na ufundi huo kijana wa Shinyanga anaweza kuuanzia hukuhuku, kwenye pampu za umwagiliaji na pikipiki.

Kalenda ya pwani na kalenda ya shamba

Hapa ndipo mkulima wa Tinde anapotakiwa kukaa na kalamu.

Aprili na Mei pwani ni msimu wa chini. Huku kwetu mpunga unaelekea kuvunwa na pamba inaanza kuchumwa. Kumtoa kijana shambani wakati huo kumpeleka pwani ni hasara mara mbili: nyumbani anahitajika, na huko hahitajiki.

Julai hadi Septemba pwani inajaa wageni. Huku mavuno mengi yameshaingia ndani na pesa ya pamba imeanza kushikika. Kipindi hiki ndicho hoteli huongeza vibarua. Lakini kumbuka kwamba hoteli hutafuta watu kabla wageni hawajafika, hivyo maombi hutumwa mwezi wa tano au wa sita ukiwa bado nyumbani.

Desemba hadi Februari pwani inajaa tena. Huku ni kupanda na kupalilia. Familia iseme mapema nani atashika jembe. Ikiwa mshahara wa miezi mitatu hautamlipa kibarua wa palizi na kubakiza kitu, basi kijana huyo angekuwa na faida zaidi shambani.

Maji na ardhi

Si kila mtu wa pwani anavifurahia viwanja hivi, na ni haki kuwasikiliza. Kiwanja cha mashimo 18 huchukua makumi ya hekta na hunywa maji mengi wakati wa kiangazi. Sisi tulioteka maji kwenye malambo kabla ya bomba la Ziwa Victoria tunajua ndoo moja ina thamani gani. Zanzibar maji matamu hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Baadhi ya viwanja vya pwani duniani hupanda nyasi inayoitwa paspalamu, inayovumilia chumvi, na humwagilia kwa maji yaliyokwisha kutumika hotelini na kusafishwa. Wengine walipunguza gharama zamani kwa njia rahisi zaidi: katika sehemu kavu za Afrika, eneo la kuzunguka shimo halikuwekwa nyasi kabisa, lilitandikwa mchanga uliochanganywa na oili chakavu. Kwa hiyo kiwanja kikipendekezwa popote, swali la kwanza la mwanakijiji liwe: maji yatatoka wapi, na kisima chetu kitabaki na nini?

Kabla hujapanda basi

Safari ya kutoka Tinde siku hizi imekuwa fupi. Unapanda basi mpaka Dodoma, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar es Salaam kwa saa zisizozidi nne. Boti ya kwenda Zanzibar ni kama saa mbili. Lakini wepesi wa kufika usikusahaulishe mambo haya:

- Nani amekuita? Kazi ya kweli ina jina la hoteli, namba ya ofisi na mtu anayeweza kukuandikia barua. Piga simu hotelini mwenyewe, usitumie namba uliyopewa na dalali peke yake. Anayekutaka utume pesa ya fomu, sare au nafasi kabla hujaiona kazi, usimtumie.
- Una karatasi gani? Kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya kijiji na vyeti vyako. Ukienda Kenya, kuvuka mpaka wa Horohoro kama mgeni hakukupi haki ya kufanya kazi. Ajira inahitaji kibali chake. Kwa anayeanza, Dar es Salaam na Zanzibar ni njia nyepesi zaidi.
- Una ujuzi gani? Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Mwanza, si lazima uende mbali. Waulizie pia VETA Shinyanga kuhusu kozi zilizopo. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ni ofisi ya serikali inayounganisha watafuta kazi na waajiri.
- Mkataba ni wa muda gani? Uliza kama ni wa msimu au wa mwaka, kama kuna chakula na mahali pa kulala, na nini kitatokea masika ikiingia.
- Nauli ya kurudi iko wapi? Iweke pembeni kabla hujaondoka, mahali ambapo hutaigusa. Mwenye nauli ya kurudi anaweza kukataa kazi mbaya.

Mgeni wa gofu hapandi ndege mpaka awe na saa yake ya kuanza imeandikwa kwenye daftari la kiwanja. Anayekwenda kumtumikia naye anastahili kuondoka nyumbani akiwa na tarehe, jina na namba mkononi.